Umbo la maji halikaririwi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, leo nina kazi ngumu kidogo. Nataka kuzungumzia maumbo, tena maumbo ya vitu vidogo kupita uwezo wa jicho lolote, na redio haina ubao wala chaki. Lakini nimeombwa, na aliyeniomba ana haki ya kujibiwa.

Ni fundi seremala wa Tandika, Dar es Salaam. Ameniandikia kwamba binti yake yuko kidato cha tano, anasoma fizikia, kemia na biolojia, na likizo hii amekuja nyumbani na daftari lenye jedwali la kukariri. Upande mmoja kuna majina ya kemikali, katikati majina ya maumbo kwa Kiingereza, na mwishoni namba: 180, 120, 109.5, 107, 104.5, 90. Binti anakariri asubuhi na jioni. Akifika kwenye maji anataja namba ya amonia, akifika kwenye amonia anataja ya maji. Ameanza kusema kemia imemshinda na kwamba akirudi shule ataomba kubadilisha masomo. Baba anaandika: "Mzee, mimi kazi yangu yote ni pembe. Sijapata kuona fundi anayekariri pembe ya mguu wa kigoda. Fundi anajua kigoda kitabeba nini, ndipo anajua miguu itanuke kiasi gani. Je, hizi namba za mwanangu hazina sababu?"

Zinayo sababu, fundi, tena ni moja tu. Binti yetu akiishika hiyo, jedwali lote anaweza kulichana, maana atakuwa na uwezo wa kuliandika upya mwenyewe wakati wowote, hata ndani ya chumba cha mtihani.

Tuanze na atomi. Katikati yake kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni zenye chaji hasi. Elektroni zilizo tabaka la nje ndizo zinazofanya biashara na majirani. Mwaka 1916, Gilbert Newton Lewis wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alieleza kwamba atomi mbili zinaweza kushikana kwa kuchangia jozi ya elektroni. Huyu analeta moja, yule analeta moja, na jozi inakuwa mali ya wote wawili. Hicho ndicho kifungo ambacho binti anakiita kovalensi, na mimi leo nitakiita kifungo tu.

Sasa jozi hizi zina tabia moja. Zikiwa zinaizunguka atomi ile ile, hazipendi kukaribiana. Kila jozi inazisukuma nyingine, na kila moja inajitafutia mahali palipo mbali kabisa na wenzake wote. Basi. Kanuni yenyewe imekwisha hapo. Kilichobaki ni kuuliza: ikiwa jozi ni mbili, zitakaa wapi? Zikiwa tatu je? Zikiwa nne?

Kama huniamini, nunua maputo dukani. Pulizia mawili yalingane ukubwa, yafunge kwa vifundo vyake pamoja. Yatatazamana, moja huku na jingine kule, mstari mmoja ulionyooka. Hizo ni nyuzi 180. Ongeza la tatu: yatalala bapa kama feni ya darini yenye mapanga matatu, na kati ya kila panga na jirani yake kuna nyuzi 120. Mpaka hapa hata mtoto wa darasa la nne angekisia. Sasa ongeza la nne. Watu wengi wanatarajia msalaba, yaani maputo manne bapa mezani, kila moja nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake. Lakini maputo hayakai hivyo. Yanajipindua yenyewe mikononi mwako: matatu yanashuka kama miguu, na moja linasimama juu.

Kwa nini yaukatae msalaba? Kwa sababu msalaba ni umbo la karatasi. Daftarini hakuna juu wala chini, lakini atomi iko hewani na ina nafasi pande zote. Nyuzi 90 ni msongamano usio wa lazima ikiwa juu na chini kuko wazi. Fundi, chukua kigoda cha miguu mitatu iliyotanuka vizuri, kisha simika fimbo wima katikati ya kiti. Ukiitanua miguu kiasi sahihi, pembe kati ya mguu na mguu italingana na pembe kati ya mguu na fimbo. Geuza kigoda ufanye mguu wowote uwe fimbo, hutaona tofauti. Wale waliosoma shule za msingi Kenya enzi za maziwa ya Nyayo watazikumbuka zile pakiti zenye ncha nne, ambazo kila upande ulikuwa pembetatu. Weka atomi ya kaboni katikati ya pakiti ile na haidrojeni kwenye kila ncha. Umeshapata methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya gesi iliyogunduliwa Songosongo, Kilwa, mwaka 1974 na ambayo tangu 2004 inazalisha umeme.

Na hiyo 109.5 inatoka wapi? Wanafunzi wengi wanadhani mtu aliipima tu kwa bahati. Hapana, inatokana na jiometri. Tengeneza boksi lenye pande zote sawa. Lina kona nane. Chagua kona nne kwa kurukaruka, yaani usichague kona mbili zinazogusana kwa ukingo mmoja. Toka katikati ya boksi uvute uzi hadi kila kona uliyochagua. Pembe kati ya uzi na uzi ina kosaini ya theluthi moja hasi. Fungua kile kitabu chembamba cha majedwali ya hesabu tulichotumia sekondari, tafuta pembe yenye kosaini 0.3333, utaona ni takriban nyuzi 70.5. Toa hiyo kutoka 180. Umepata 109.5. Nimekaa na watu wenye shahada ambao waliibeba namba hii vichwani miaka ishirini bila kujua kwamba imo ndani ya boksi la chaki.

Niruhusuni nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna kijana mmoja anayestahili kutajwa. Mwaka 1874, kabla elektroni haijajulikana, Mholanzi Jacobus van 't Hoff, mwenye umri wa miaka 22, alichapisha kijitabu akidai kwamba vifungo vinne vya kaboni vinaelekea kwenye ncha nne za umbo hilo la pakiti. Mwaka huo huo Mfaransa Joseph Le Bel alifikia wazo la aina hiyo kwa njia yake mwenyewe. Hakuna kati yao aliyekuwa na darubini ya kuona atomi. Mtu anajuaje umbo la kitu asichoweza kukiona?

Fikirieni meza ya mraba yenye viti vinne, kimoja kila upande. Waje wageni wanne, wawili wamevaa kanzu na wawili suruali. Wenye kanzu wanaweza kukaa jirani, au wanaweza kutazamana. Ni mipangilio miwili iliyo tofauti. Kama methani ingekuwa bapa kama meza hiyo, basi ukiondoa haidrojeni mbili na kuweka klorini mbili mahali pake, ungepata vitu viwili tofauti vyenye fomula moja. Wanakemia walikuwa wakitengeneza kimiminika hicho, dikloromethani, ambacho siku hizi mafundi wanakifahamu ndani ya dawa za kubandulia rangi. Kila walipokitengeneza walipata aina moja tu. Hakukuwa na ya pili. Sasa tazama ile pakiti ya maziwa: chagua ncha mbili zozote, zitakuwa jirani, kwa sababu kila ncha ni jirani ya ncha nyingine zote. Hakuna kutazamana. Mpangilio ni mmoja tu. Hesabu ya viti imekuambia umbo la kitu ambacho hujakiona.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1877 Hermann Kolbe, profesa maarufu wa Leipzig, Ujerumani, aliandika makala ya kumkejeli kijana huyu, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha chuo cha tiba ya wanyama mjini Utrecht. Alimwambia kwamba amepanda farasi wa hadithini mwenye mbawa, tena farasi wa kuazima kutoka chuo hicho cha wanyama. Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, mwaka 1901, aliyepewa ni van 't Hoff. Alifariki mwaka 1911. Miaka miwili baadaye, huko Uingereza, William Bragg na mwanawe Lawrence waliipiga almasi kwa miale ya eksirei na kuonyesha jinsi atomi zake zilivyopangwa: kila kaboni imezungukwa na kaboni nne, pembe ni zile zile 109.5. Kwa hiyo jiwe la Mwadui unaloliona kwenye pete ya bibi harusi ni vigoda vilivyoshikana, mabilioni kwa mabilioni, bila kipande kimoja kilicholegea.

Turudi kwenye daftari la binti, maana hapa ndipo anapokwama. Amonia ni naitrojeni moja na haidrojeni tatu. Atomi zilizoungana na ile ya kati ni tatu, na tulisema tatu hukaa bapa kwa nyuzi 120. Mbona jedwali linasema 107? Na maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili. Mbili tulisema hunyooka kwa nyuzi 180. Mbona jedwali linasema 104.5? Mtoto akiona hivyo anahitimisha kwamba kanuni ni ya uongo, na anarudi kukariri.

Kanuni si ya uongo. Kosa ni kuhesabu atomi badala ya kuhesabu jozi. Naitrojeni ina elektroni tano za nje. Tatu imechangia na haidrojeni. Zimebaki mbili, nazo ni jozi, ila hazijachangiwa na yeyote. Ni jozi kapera. Hauioni kwenye fomula, wala mwanafunzi mvivu haichori, lakini ipo, imekaa juu ya naitrojeni na inasukuma kama wenzake. Kwa hiyo jozi ni nne, na nne ni kigoda. Tatu ni miguu, na ile fimbo ya juu ni jozi kapera. Ukitazama atomi peke yake unaona kigoda kisicho na fimbo, umbo kama mafiga matatu na chungu kimekaa juu.

Oksijeni ina elektroni sita za nje. Mbili imechangia, nne zimebaki, ndiyo kusema makapera wawili. Jozi ni nne tena, kigoda ni kile kile, ila sasa ncha mbili tu ndizo zenye haidrojeni. Maji basi yamepinda, kama mtu aliyekunja goti.

Na kwa nini pembe inashuka kutoka 109.5 hadi 107 hadi 104.5? Mliopanda daladala mtanielewa upesi. Jozi iliyo kwenye kifungo inavutwa na viini viwili, kimoja huku na kimoja kule, kwa hiyo inabanwa na kuwa nyembamba. Jozi kapera inavutwa na kiini kimoja tu. Haina wa kumbana upande wa pili, basi inajitanua, kama yule abiria aliyekalia siti ya watu wawili na kuweka begi pembeni. Walio karibu naye wanasogezwa. Katika methani hakuna kapera, na pembe ni 109.5 kamili. Katika amonia kuna mmoja, anaibana miguu mitatu hadi takriban 107. Katika maji wako wawili, wanabana zaidi, na haidrojeni zinasogeleana hadi 104.5. Binti akilielewa hili hatachanganya tena namba ya maji na ya amonia, kwa sababu mwenye makapera wengi ndiye mwenye pembe ndogo.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Chukua idadi ya elektroni za nje za atomi ya kati, unaipata kwenye jedwali la elementi. Ongeza moja kwa kila atomi iliyoungana nayo kwa kifungo kimoja. Gawanya kwa mbili, umepata jozi zote. Toa idadi ya atomi zilizoungana. Zilizobaki ni makapera. Methani: 4 na 4 ni 8, jozi 4, kapera hakuna. Amonia: 5 na 3 ni 8, jozi 4, kapera 1. Maji: 6 na 2 ni 8, jozi 4, makapera 2. Ikiwa kitu kina chaji chanya, punguza elektroni moja kabla ya kugawanya. Ikiwa hasi, ongeza. Ioni ya amoni, iliyomo kwenye ile mbolea ya SA wanayoijua wakulima, ni 5 na 4 toa 1, sawa na 8. Jozi nne, kapera hakuna, na pembe inarudi kuwa 109.5.

Sasa ona mtego ambao watunga mitihani wanaupenda. Trifloridi ya boroni na amonia zote ni kitu kimoja kilichozungukwa na vitu vitatu. Aliyekariri ataziandikia umbo moja. Aliyehesabu atasema: boroni ina elektroni 3, ongeza 3 ni 6, jozi 3, kapera hakuna, basi ni bapa, nyuzi 120. Amonia ina kapera, basi ni mafiga.

Mtego wa pili ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, na salfa dioksaidi, ile harufu inayokupanda puani ukiwasha njiti ya kiberiti. (Wazee wetu hawakukosea, salfa yenyewe kwa Kiswahili cha zamani ndiyo kiberiti.) Zote mbili ni atomi moja iliyoshikwa na oksijeni mbili. Hapa vifungo ni maradufu, na ile hesabu ya kuongeza moja moja haitumiki. Kifungo maradufu, hata kama kina jozi mbili, kihesabu kama puto moja, maana jozi zake zote zimeelekea upande mmoja. Kaboni ina elektroni nne, zote zimekwisha kwenye vifungo hivyo viwili. Maputo ni mawili, molekuli imenyooka, 180. Salfa ina sita. Nne zimeingia kwenye vifungo, mbili zimebaki, kapera mmoja. Maputo ni matatu, molekuli imepinda, na pembe yake iliyopimwa ni takriban 119. Mambo yote hayo yameamuliwa na jozi moja ambayo fomula haikuitaja.

Utaratibu huu haukuja siku moja. Sidgwick na Powell wa Oxford waliutangaza mwaka 1940, na mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wakiwa London, waliuweka katika sura tunayoitumia leo, hasa hilo la makapera kujitanua. Najua wahadhiri wanaonisikiliza wameanza kukunja uso, wakitaka niseme kwamba kusukumana huku si kwa sababu ya chaji peke yake. Ni kweli, na Gillespie mwenyewe alilisisitiza: sheria za kwanta ndizo zinazozikataza elektroni zenye mzunguko wa aina moja zisikae mahali pamoja. Lakini kwa kidato cha tano, na kwa fundi wa Tandika, maputo yanatosha.

Wala si kanuni ya kuabudiwa. Inakuonyesha upande, haikupi kipimo. Haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza, ina hesabu sawasawa na ya maji: 6 na 2 ni 8, makapera wawili. Utatabiri kwamba imepinda kwa pembe chini ya 109.5, na utakuwa sahihi. Lakini pembe yake iliyopimwa ni takriban 92, mbali kabisa na 104.5 ya maji. Ndiyo maana namba zenyewe kama 107 na 104.5 hutoka maabara, wakati 180, 120 na 109.5 unaweza kuzichora mwenyewe mezani. Na kwa viungo vingi vya metali kama shaba na nikeli, kanuni hii usiitegemee.

Mtu atauliza, haya yote yatamsaidia nini mtu anayegombea basi Kariakoo? Tazama maji kwenye bilauri yako. Molekuli ya hewa ukaa ina uzito wa 44, ya maji ina uzito wa 18. Nyepesi ndiyo kimiminika, nzito ndiyo inaelea kama gesi. Oksijeni huvuta elektroni kuliko kaboni na kuliko haidrojeni. Kwenye hewa ukaa oksijeni mbili zinavuta pande mbili zinazopingana, kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa, na kitambaa cha katikati hakisogei. Maji yangekuwa yamenyooka, ingekuwa vivyo hivyo. Lakini yamepinda, mivuto haifutani, upande mmoja wa molekuli unakuwa hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Makapera wawili wa oksijeni wanazishika haidrojeni za majirani, na maji yanashikamana na maji. Ndiyo sababu yanahitaji nyuzijoto 100 kuchemka.

Hata barafu. Kila molekuli ina haidrojeni mbili za kutoa na makapera wawili wa kupokea, kwa hiyo inashikana na majirani wanne, na wanne ni kigoda. Vigoda vikipangwa vinaacha matundu katikati. Ndiyo maana maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, barafu inaelea juu ya juisi, na chupa uliyoisahau kwenye friza unaikuta imepasuka. Oveni ya maikrowevu nayo hupasha wali kwa sababu hiyo hiyo: mawimbi yake huzigeuzageuza molekuli za maji zenye ncha chanya na hasi. Sahani kavu haina cha kugeuzwa, inapata joto kwa kuazima kutoka kwa wali.

Simlaumu mwalimu wa binti huyu. Mwenye darasa kubwa na muhtasari mrefu, asiye hata na modeli moja ya mbao, jedwali la kukariri ndilo njia ya mkato. Lakini ni njia inayomwangusha mtoto pale pale mtihani unapouliza kitu kisichokuwamo kwenye jedwali. Lugha nayo inachangia. Majina ya maumbo yanakuja kwa Kigiriki kilichopita Uingereza, na mtoto anapigana na neno kabla hajafika kwenye umbo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Ingepata kazi zaidi kama ingekuwa mezani kwa mwanafunzi. Mtihani ataandika kwa Kiingereza, sawa. Lakini hakuna sheria inayomkataza kuelewa kwa Kiswahili kwanza.

Fundi, una mbao na una msumeno. Mtengenezee binti vigoda vitatu vidogo: kimoja chenye fimbo juu na vishikizo vinne, cha pili vishikizo vitatu na donge la udongo mahali pa kapera, cha tatu vishikizo viwili na madonge mawili. Kisha mwachie hesabu hizi, na nyote mnaonisikiliza mjaribu. Zenoni ni gesi iliyodhaniwa haiungani na chochote, mpaka Neil Bartlett alipoiunganisha huko Kanada mwaka 1962. Mwaka huo huo maabara ya Argonne, Marekani, ilitengeneza tetrafloridi ya zenoni, yaani zenoni moja na florini nne. Aliyekariri atasema nne ni kigoda. Hesabu: zenoni ina elektroni 8, ongeza 4 ni 12, jozi 6. Maputo sita hukaa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini, kila moja nyuzi 90 kutoka kwa jirani. Florini ni nne, makapera ni wawili, na kwa kuwa makapera ndio wanaohitaji nafasi, mmoja anakaa juu na mwingine chini, mbali kabisa na mwenzake. Florini zinabaki bapa, mraba kamili. Vipimo vilithibitisha hivyo hivyo.

Zilizobaki fanyeni wenyewe: trikloridi ya fosforasi, difloridi ya oksijeni, ioni ya haidroniamu yenye haidrojeni tatu na chaji moja chanya, na trifloridi ya klorini. Hiyo ya mwisho ina jozi tano: tatu zimezunguka kiunoni kwa nyuzi 120, moja juu, moja chini. Makapera ni wawili, na wanapenda kiunoni kwa sababu huko kuna nafasi zaidi. Chora, kisha futa makapera, utazame herufi gani imebaki. Majibu nitayasoma wiki ijayo, saa hii hii.